Mtoto Apumua Nini Ndani ya Turubai?

Wazazi wenzangu, katika nchi yetu watu wengi sasa wajua kwa macho yao maana ya kukosa nyumba kwa siku moja. Sisi wa Kagera tulijua siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipotutikisa. Watu wa Katesh walijua mwezi wa Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliposhuka juu ya nyumba zao. Watu wa Rufiji walijua mwaka 2024 kwa mafuriko. Habari za maafa yenyewe ziliandikwa sana magazetini, wala sitazirudia. Nataka tuzungumze habari ya siku zile zinazofuata, wakati watu wamekwisha kuzika, wamekwisha kupewa mablanketi na maharage, na magari ya wageni yamekwisha kurudi mjini. Siku hizo ndizo zinazowaumiza watoto wadogo, nao huumia kimya, kwa pumzi.

Mimi ni mwuguzi mstaafu. Nilifanya kazi ya zahanati miaka mingi, kisha nikarudi kukaa kati ya migomba yangu katika wilaya ya Missenyi. Tetemeko lilinikuta nyumbani. Nyumba nyingi za matofali ya udongo zilianguka, na nyingine zilibaki zimesimama lakini zimepasuka toka juu hata chini, usiweze kulala ndani yake kwa amani. Hata majengo makubwa ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika. Ardhi iliendelea kutetemeka kidogo kidogo, na kila ilipotetemeka watoto walilia. Basi watu wakatoka, kila jamaa akakaa katika kibanja chake, chini ya turubai au hema, na wale wasiopata kitu wakajenga vibanda vya miti na majani ya migomba.

Kisha mvua za vuli zikaanza. Ninyi mnaoijua Bukoba mwajua mvua yake.

Sasa, msomaji, fikiri jinsi mambo yanavyokwenda. Mchana turubai huwa na joto kama tanuru, na usiku huwa na baridi. Mama aogopa baridi, kwa hiyo ayafunga mapengo yote kwa magunia na nguo. Aogopa pia wezi, na nyoka, na mvua inayorushwa na upepo. Kuni zimelowa. Jiko lililokuwa nje ya nyumba ya zamani limeanguka pamoja na nyumba. Basi ayaleta mafiga ndani, pembeni pa mlango, achochea kuni mbichi, abandika ndizi na maharage. Maharage, kama mjuavyo, hayaivi kwa dakika kumi. Kwa saa mbili au tatu moshi wazunguka ndani ya kibanda ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima. Mtoto mchanga yumo mgongoni mwa mama, yaani pua yake i karibu na moto kuliko pua ya mtu mwingine yeyote isipokuwa ya mama mwenyewe. Usiku, moto ukizimika, huwashwa koroboi, nayo hutoa masizi yake mpaka asubuhi. Watu sita au saba hulala hapo, na mmoja akikohoa, kikohozi chapita kwa wote.

Katika juma la tatu baada ya tetemeko, jirani yangu mmoja, mama kijana mwenye watoto watatu, alikuja kwangu jioni kuomba chumvi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minane. Nikasikia pumzi ya mtoto kabla sijauona uso wake.

Nikamwuliza, “Huyu aumwa tangu lini?”

“Ni mafua tu, Mama, waitu,” akanijibu kwa ile adabu ya kwetu. “Toka tulale nje wote wakohoa.”

Nikamwambia akae, amfungue mtoto, amvue nguo ya kifuani. Nikangoja mpaka akatulia, maana pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Kisha nikashika saa nikahesabu dakika nzima. Zilikuwa pumzi 62. Na kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapokwisha, ilibonyea ndani badala ya kutoka nje. Huo si mafua. Ni kichomi, ugonjwa ambao zahanatini twauita nimonia, na mtoto wa umri ule aweza kufa nao kabla ya siku mbili.

Tulimpandisha mama yule bodaboda usiku uleule, mtoto kifuani, mimi nikafuata kwa nyingine. Mtoto alipewa hewa ya oksijeni na sindano, akalazwa siku tano, akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini niliporudi nyumbani sikulala, kwa sababu nilijua kwamba mtoto yule angerudishwa katika kibanda kilekile na moshi uleule.

Hapa sharti niseme kweli. Hakuna mganga awezaye kusema kwamba ni moshi peke yake uliomwuguza mtoto huyu mmoja. Kulikuwa na baridi, kulikuwa na msongamano, kulikuwa na kikohozi cha ndugu zake. Lakini jambo la watoto wengi pamoja lajulikana. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwa ni mpana kuliko chembe hizo mara ishirini au thelathini. Vumbi kubwa hukamatwa puani, tukapenga kamasi, likatoka. Chembe hizi hazikamatwi, hupita hata ndani kabisa ya mapafu, hapo zikaudhoofisha ulinzi ambao Mwenyezi Mungu aliuweka, na wadudu wa kichomi wakapata nafasi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtoto anayekaa katika moshi wa jiko hukaribia kuwa na hatari maradufu ya kupata ugonjwa wa mapafu. Lakadiria pia kwamba moshi wa majumbani ulileta vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Wengi wa hao hawakuwa katika mahema. Walikuwa katika nyumba za kawaida kama zangu na zako. Kibanda cha turubai chaongeza tu ubaya, kwa maana ni kidogo, ni cha chini, na hakipitishi hewa.

Tena mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Njia zake za hewa ni nyembamba kama mrija, zikivimba kidogo tu zaziba. Naye hupumua upesi kuliko sisi, kwa hiyo kwa saa moja katika kibanda kilekile huvuta moshi mwingi zaidi kwa kadiri ya mwili wake. Baba hutoka akaenda shamba. Mtoto hukaa.

Niliporudi kutoka hospitali nilikwenda kuzungumza na baba wa mtoto. Ni kijana mwenye heshima, fundi wa kujenga. Baada ya kuniamkia nikamwambia kwamba moto sharti utoke nje ya kibanda leo, si kesho. Akanitazama, akasema:

“Mama, turubai ni moja. Nikilikata kwa ajili ya jiko, mvua itanyesha juu ya watoto. Na nikiwasha moto nje pasipo kitu juu, hauwaki. Nifanyeje?”

Sikuwa na neno la kumlaumu. Alisema kweli tupu. Na hapa ndipo nina ugomvi wangu na wale waliotuletea misaada, ingawa nawashukuru pia. Walituletea mablanketi, sabuni, ndoo, unga. Walihesabu vichwa vyetu mara tatu. Walakini hakuna hata mmoja aliyeuliza, “Mtapikia wapi?” Kana kwamba maharage yale yangejipika. Kama kila jamaa ingalipata mabati mawili ya jiko, nadhani watoto wengi wasingalikohoa namna ile.

Tulikaa tukafikiri pamoja, na babu wa mtoto naye akaja. Mwisho tulikwenda kwenye kifusi cha nyumba yao, tukatoa mabati manne yaliyopindika. Kijana akayanyosha kwa nyundo juu ya jiwe. Akakata nguzo nne za mikaratusi, akajenga kibanda cha jiko hatua kama sita kutoka mahali pa kulala, upande ule ambao upepo huondoka kwetu, si upande unakotoka, ili moshi usirudi kwa watoto. Akaweka ukuta mfupi wa matofali yaliyovunjika upande mmoja tu, kuzuia mvua ya mshazari. Pande tatu akaziacha wazi. Chini ya bati lilelile akatengeneza uchaga wa kuni, zikakauka kwa joto la moto wenyewe, na kuni kavu, kama mjuavyo, hutoa moshi kidogo na kuivisha upesi. Kazi yote ilikuwa ya siku mbili, wala hakutumia hata senti moja ila misumari.

Babu hakuridhika mara moja. Alisema, “Sisi tulizaliwa katika msonge, moto ukiwaka katikati usiku na mchana, tukakua. Leo moshi umekuwa sumu?” Wazee wengi husema hivyo, na si neno la kupuuzwa. Nikamjibu kwa heshima kwamba msonge ulikuwa mrefu, na paa lake lilikuwa la nyasi toka juu mpaka chini; moshi ulipanda juu ukachuja kidogo kidogo katikati ya nyasi, na ukitazama kwa mbali asubuhi uliona nyumba nzima yafuka. Turubai ni nailoni. Halina tundu hata la sindano. Tena nikamwuliza, “Mzee, mama yako alizaa watoto wangapi, na wangapi walikua?” Akanyamaza kidogo, akasema, “Tisa. Tulikua wanne.” Sikusema zaidi. Siku ya pili alikuwa yeye mwenyewe anayepanga kuni uchagani.

Wengine husema moshi wafukuza mbu. Huenda ukawafukuza kidogo, lakini mbu hurudi moto ukipoa, na mtoto amekwisha kuvuta moshi wa jioni nzima bure. Kazi ya kuzuia mbu ni ya chandarua, nacho chaweza kufungwa hata ndani ya turubai kwa kamba nne. Na wengine husema moto waleta joto. Hapa nawaonya kwa nguvu zangu zote: msiingize jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa, mkalala nalo. Mkaa hauonekani kutoa moshi, ndiyo sababu watu huuamini, lakini hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wamelala. Joto la mtoto usiku ni blanketi kavu, kofia, soksi, na mwili wa mama yake.

Nimesema blanketi kavu. Pumzi za watu saba usiku kucha hugeuka kuwa maji chini ya turubai, yakadondoka juu ya matandiko. Baada ya siku chache matandiko huota ukungu, na nyasi tunazotandika chini, ambazo ni uzuri wa nyumba zetu za Kihaya, huoza na kunuka. Ukungu nao huwasumbua watoto wenye pumu na kikohozi. Basi nyasi zibadilishwe mara kwa mara, mablanketi yaanikwe kila jua litokapo, mfereji uchimbwe kuzunguka kibanda, na turubai liachwe na mapengo mawili yanayotazamana, moja juu kidogo, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Baridi itaingia kidogo, ndiyo. Mtoto aliyefunikwa vema hadhuriki na hewa safi.

Lakini msidhani kwamba jambo hili ni la moshi peke yake, wala kwamba ni shida ya maskini wanaopikia kuni. Nataka niwasimulie habari ya nchi tajiri kuliko zote, maana nilipoisoma nilishangaa jinsi inavyofanana na yetu.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani kubwa iitwayo Katrina iliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Mji wa New Orleans ulifunikwa na maji, na pwani ya jimbo la Mississippi ikafagiliwa. Serikali yao, kwa shirika lake la maafa liitwalo FEMA, iliwapa watu nyumba za muda zaidi ya 100,000. Hazikuwa turubai. Zilikuwa nyumba ndogo za magurudumu, trela, zenye vitanda, kabati, jiko la gesi, taa za umeme, na hata mashine ya kupoza hewa. Mimi na wewe tungaliingia humo tukaimba.

Baada ya miezi michache watu wakaanza kulalamika. Macho yaliwachoma, koo ziliwasha, pua zilitoka damu. Daktari mmoja wa watoto katika mji mdogo wa Bay St. Louis, jina lake Scott Needle, aliona kwamba watoto wa trela walimrudia tena na tena kwa mafua yasiyopona na maradhi ya njia ya hewa. Sababu ilikuwa kuta zenyewe. Kabati, sakafu na dari zilikuwa za mbao za kusagwa na kubandikwa kwa gundi, na gundi ile ilitoa hewa kali iitwayo fomaldehidi, ambayo huchoma macho na mapafu, na wataalamu wamekwisha kuihesabu miongoni mwa vitu viletavyo kansa. Trela zilijengwa haraka haraka, kwa kuwa watu wengi walikuwa hawana pa kulala. Nyumba ni ndogo, imefungwa, na jua la kusini ni kali. Na kadiri joto lizidivyo, ndivyo gundi inavyozidi kutoa hewa ile.

Lililonisikitisha zaidi ni hili. Katika mwaka 2007 barua za ofisi ya FEMA zilisomwa mbele ya Bunge lao, zikaonyesha kwamba mwaka uliotangulia wanasheria wa shirika waliwashauri wenzao wasianze kupima hewa ya trela, kwa kuwa wakipima wataonekana kuwa jambo hilo ni mzigo wao. Daktari Needle naye alikwenda akatoa ushahidi. Mwishowe, kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, wapimaji wa serikali walipima nyumba 519. Kwa wastani walikuta sehemu 77 za fomaldehidi katika kila sehemu bilioni moja za hewa, zaidi ya kawaida ya nyumba za Wamarekani, na katika nyumba mojawapo walikuta 590. Tena walipima wakati wa baridi, ambapo hewa ile ni kidogo. Ndipo ikaamriwa watu watolewe kabla ya majira ya joto kufika. Kumbe ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi, na mtoto aliyeingia humo akinyonya alikuwa sasa atembea na kusema. Mwaka 2010 walitunga sheria ya kupunguza sumu ile katika mbao za gundi.

Mwaona, wazazi, kwao haikuwa moshi, kwetu haikuwa gundi, lakini kosa ni lilelile. Mtu aliyekosa nyumba hupewa paa, na wote, mtoaji na mpokeaji, hufurahi kwa paa. Hakuna anayeuliza ni hewa gani iliyomo chini yake. Na neno hili “ya muda” ni neno la kudanganya. Kibanda cha turubai cha jirani yangu, tulichokiita cha majuma mawili, walikaa humo miezi kumi na moja. Kwa mtu mzima hiyo ni taabu tu ya kusimulia. Kwa mtoto wa miezi minane ni zaidi ya maisha yote aliyokwisha kuishi. Ndiyo sababu nasema kazi ya jiko na hewa ifanyike siku ya kwanza, pamoja na kusimamisha nguzo, isingojee mambo yatulie. Wakuu wa vijiji na kamati za misaada, ninyi mnaosoma gazeti hili, mnapoandika orodha ya vitu vya kuomba, andikeni na mabati ya jiko. Si kitu cha aibu kuomba.

Yabaki mambo machache ya kumjua mtoto aliyeshikwa, nami nayaandika hapa ili mkate ukurasa huu mkaubandike, ikiwa mwapenda. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mtulize kwanza, mfunue kifua, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa au simu. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi miwili hata kufika mwaka, ni 50 au zaidi. Toka mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo, wala asipewe kwanza vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine. Lakini kama kifua chabonyea ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, au hutapika kila kitu, au ameshikwa na degedege, au amelegea hata haamshiki, basi msingojee kuche. Mfunike, mbebe kifuani kichwa kikiwa juu ili apumue, chukua kadi yake ya kliniki, na mtu mmoja abaki na wale wengine. Njiani mpe ziwa akitaka, akikataa, usimlazimishe. Ukifika mwambie mwuguzi neno la kwanza kabisa idadi ya pumzi ulizohesabu, na kama mlikuwa mkipikia ndani, mwambie na hilo.